Neno Zoketi na Dirisha la Diski

Ufunguo wa kabati la sindano nimemwachia Rehema, aliyechukua nafasi yangu dukani. Sindano zenyewe hazina kazi tena, hakuna anayezungusha fono ya kuchezea diski siku hizi. Lakini ndani ya kabati lile mna daftari, na daftari hilo ndilo limeniketisha mezani kuandika, mimi niliyesoma miaka miwili tu kwa masista nikaondoka kabla hawajafika kwenye kugawanya.

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Magoti yamekataa kusimama. Watoto wangu wanasema nipumzike, kana kwamba nyumba yenye wajukuu saba ni mahali pa kupumzika. Mkubwa wa duka aliniletea saa ya ukutani pamoja na maneno mazuri, saa inakwenda. Habari za mshahara na vyeo siandiki, hazijamfundisha mtu kazi.

Naandika kwa sababu ya jambo nililoliona siku yangu ya mwisho. Mteja alisimama mbele ya Rehema na kaseti mkononi, akauliza neno moja la ndani ya wimbo lina maana gani. Rehema hakumeza hata mate. Akajibu palepale, akatabasamu, kaseti ikauzwa. Rehema, mtoto wangu, neno lile ulikuwa hulijui. Niliyaona macho yako. Nayajua macho hayo kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Kaa sasa usome, na wenzako wasome.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Stanleyville kwenye karatasi na Kisangani mdomoni. Nilikuwa nimetoka Maniema na mume wangu. Homa ikamchukua, nikabaki na mtoto mgongoni, nyumbani kwa shangazi. Duka lilikuwa la Mgiriki mmoja, karibu na bandari. Aliuza vitambaa, baiskeli, taa na diski. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele. Sisi tulinunua kwa dirisha la ubavuni, lenye ubao wa kuegemeza viwiko, na nje yake kulikuwa na benchi refu chini ya bati. Benchi hilo limenifundisha kazi kuliko dirisha.

Niliajiriwa kufuta vumbi. Makarani wanaume walikuwa wamevunja diski nyingi, na mke wa Mgiriki akasema afadhali mwanamke, anajua kushika sahani. Diski za wakati ule zilikuwa sahani kweli: nzito, ngumu, zikianguka ni vipande. Asubuhi ya kwanza nilifuta nyingi bila neno, nikaanza kujisifu moyoni, na hapo hapo moja ikaniponyoka.

Pembeni ya dirisha, kwa ndani, palikuwa na meza ya fundi wa fono. Aliitwa Papa Bonifasi, mtu wa Opala, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Aliinua kichwa.

“Iko ngapi?”

“Moja, Papa.”

“Bon. Karani ya mbele yako alivunja ine siku ya kwanza. Weye iko na akili mara ine. Okota vipande, mutu asikatike muguu.”

Ndivyo nilivyokaribishwa kazini. Hotuba nyingine sikupewa.

Papa Bonifasi alifundisha kwa kutazama. Ukikosea, alikutazama juu ya miwani. Ukifanya vizuri, alitazama kazi yake. Kwake nilijifunza kwamba sindano inacheza upande mmoja wa diski, kisha inatupwa. Watu walitaka kuitumia mpaka iwe butu, waone wameokoa kitu, na sindano butu inachimba wimbo kama panya. Diski husimamishwa, hazilazwi. Jua likizipata, hujikunja kama jani la kufungia kwanga, ule mkate wa muhogo, lililopitishwa motoni. Unafuta kwa kuzunguka, kwa kitambaa cha mahameli, si kwa mate. (Nilimwona mwanamume mzima, mwenye tai, akitemea diski mpya ili aisafishe. Nilimnyang'anya.) Na fono unaizungusha kwa utaratibu, unaacha kabla springi haijakaza. Ukisikia springi inalia, umeshachelewa.

Duka lilikuwa na desturi yake: anayetaka kununua anasikilizishwa upande mmoja, mara moja. Upande wa pili akausikilize kwake. Desturi hii ndiyo iliyojaza benchi, kwa sababu mmoja akinunua, benchi zima linasikiliza. Boti ikifika kutoka Léopoldville, mji mkuu, na masanduku ya diski mpya, Jumamosi baada ya kazi ungekuta watu wamebanana, wengine juu ya baiskeli zao, mguu mmoja chini, shingo zimeelekea dirishani.

Lingala sote tuliijua. Lakini vijana wa Léopoldville walikuwa na maneno yao wenyewe, na waimbaji waliyatia ndani ya nyimbo kama pilipili. Unaelewa wimbo wote, mapenzi, machozi, barua isiyojibiwa, halafu katikati linakuja neno ambalo mama yako hakukufundisha. Benchi linanyamaza. Fono inamaliza. Ndipo ugomvi unaanza.

Wagomvi wakubwa walikuwa wawili. Kulikuwa na Likwela, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kufika mbali kuliko Banalia lakini alisimulia Léopoldville kana kwamba aliacha koti lake huko. Na kulikuwa na Mama Sofi, aliyeuza mikate ya kukaanga kando ya benchi na hakumwogopa mtu.

“Ile neno ni jina ya kofia,” Likwela alisema siku moja.

“Mwanamuke analilia kofia?” Mama Sofi aliuliza, akigeuza mikate.

“Inategemea kofia.”

“Inategemea kichwa, Likwela. Ile yako ni ya kuvalia kofia tu, haina kazi ingine.”

Mchana mzima uliweza kuisha kwa neno moja. Makarani wa ndani waliwacheka. Mimi sikucheka. Mtu aliyebeba magunia bandarini wiki nzima, akiambiwa beba hiki, acha kile, Jumamosi akikaa chini na kulifikiria neno moja kwa bidii, mwacheni. Ni kazi ya kichwa, na hakuna aliyemtuma.

Baada ya mwaka nilihamishwa kutoka kitambaa cha vumbi nikawekwa dirishani kuuza. Na siku moja Likwela, alipozidiwa tena na Mama Sofi juu ya lile neno la kofia, alinigeukia.

“Mama Feza, weye unakaa na diski mchana yote. Sema weye. Ile neno ni nini?”

Sikujua. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, macho ya wanaume wazima, wakimngoja mjane wa Maniema afungue kinywa. Nikasema: “Ni mwendo wa mtu aliyevaa viatu vipya.” Sijui nilikoitoa. Benchi likasema “Aaa!” kwa pamoja, kama watu waliotuliwa mzigo, na aliyekuwa anasitasita akanunua diski.

Papa Bonifasi alinitazama juu ya miwani.

“Umeijua wapi?”

“Nimesikia.”

“Kwa nani?”

Nikajifanya napanga mifuko ya karatasi.

Tangu siku ile waliniita Mama Maana. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kuniuliza. Heshima ni tamu kama muwa, unatafuna tu, wala hufikiri makapi utayatemea wapi. Niliongeza maana juu ya maana. Kijana mwenye huzuni nilimpa maana ya huzuni; mama wa kanisa, maana ya kanisa. Nilikuwa nauza maana kama kitambaa: kwanza napima mabega ya mteja.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe.

Alikuja kijana mmoja, Ramazani, matelo, yaani baharia, kwenye boti za kwenda Léopoldville. Alikuwa mrefu, mikono yake haitoki mafuta hata akiisugua, na alikuwa amemchumbia msichana wa mtaa wa Kabondo aliyeitwa Zaina. Boti yake ilikuwa inaondoka kesho yake, naye alitaka kumwachia mchumba wimbo wa kusikiliza wakati yuko njiani. Nilimwekea diski mpya. Mwimbaji alisema: “Yo zoketi na ngai, zela ngai na libongo.” Yaani, wewe zoketi wangu, nisubiri bandarini. Yote ilikuwa Lingala ya kila siku, isipokuwa zoketi.

“Mama Feza, zoketi njo nini?”

Neno hilo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, pamoja naye.

“Ni mwanamke mwenye funguo za moyo wa mtu,” nikasema. “Mke wa kweli, si wa kupita.”

Alifurahi mpaka masikio yakasogea. Nilimfungia diski kwa karatasi mbili. Boti ikaondoka.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, benchi likiwa limejaa, alifika mzee wa kanzu safi na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Watu walimpisha. Baadaye nilijua kwamba ni Mwalimu Asumani wa Kabondo, anayefundisha watoto Kurani na kuwasomea watu barua zao. Siku ile sikumjua. Aliuliza taratibu, kwa adabu:

“Mwanangu, naambiwa weye unajua maneno ya nyimbo. Iko neno moja, zoketi. Mutu akimwita binti ya watu zoketi, amemwita nini?”

Nilimpima mabega. Niliona mzee wa dini, mkali, asiyependa nyimbo. Nikataka anione mwanamke wa heshima, ingawa nauza diski. Na niliyomwambia Ramazani nilikuwa nimeshayasahau, kwa sababu kitu usichokijua hakikai kichwani.

“Mzee, ni mwanamke wa bandarini,” nikasema. “Anamngoja mtu wa boti. Boti ikiondoka, anangoja nyingine.”

Benchi likacheka. Likwela alipiga paja. Mzee hakucheka. Alisema “Aksanti, mwanangu,” akaondoka polepole, na mimi nikaita mteja aliyefuata.

Jumatatu asubuhi, kabla ya watu, alikuja msichana na kifurushi cha kitambaa. Alikiweka juu ya ubao, akakifungua. Ilikuwa diski ile ya Ramazani.

“Miye ni Zaina,” akasema. “Nataka kuuliza kitu moja tu. Ramazani aliniambia Mama ya diski alisema zoketi ni muke mwenye funguo. Baba yangu, Mwalimu Asumani, anasema Mama ya diski alisema ni mwanamuke ya bandari. Ku dirisha hii, iko Mama ngapi?”

“Mmoja,” nikasema.

“Basi ule mumoja alijua gani?”

Nje mtu alikuwa anavuta pipa juu ya mawe, na nilitamani asimalize kulivuta.

“Sikujua hata moja,” nikasema.

Laiti angelia, ningepata kitu cha kufanya. Hakulia. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa hesabu ya vyombo. Vijana wa mtaa walikuwa wameanza kumwita zoketi kwa kicheko kila akienda kisimani. Baba yake alikuwa amefunga vikombe na taa ya mahari, na amemtumia habari mjomba wa Ramazani aje kuvichukua siku boti itakaporudi. Yeye mwenyewe angepelekwa Kasongo kwa shangazi yake, kukaa huko mpaka apatikane mume mwingine.

“Ramazani iko ku maji, hajui kitu,” akasema. “Akishuka, atakuta mambo imekwisha. Chunga hii diski. Nyumbani itavunjwa.”

Akaenda. Papa Bonifasi alikuwa amesikia yote. Alipuliza vumbi ndani ya fono aliyokuwa ameifungua.

“Batu wananileteaka fono,” alisema, “wanasema: Papa, sindano imeharibika. Ninafungua. Mara mingi si sindano. Ni mutu alizungusha sana, anataka kupendeza wageni, springi ikakatika.”

“Nifanye nini, Papa?”

“Eh! Sasa weye njo unauliza maana?”

Nilijipa kazi. Boti ilikuwa bado mbali, nikasema nitaitafuta maana ya kweli kabla haijafika. Kila matelo aliyeshuka kutoka boti ya Léopoldville nilimshika shati. Wa kwanza alisema zoketi ni dansi. Wa pili, ni aina ya kiatu. Wa tatu alisema ni jina la mbwa wa mwimbaji, na aliapa. Nikampata mtu mmoja aliyezaliwa Léopoldville, mpanga herufi wa kiwanda cha kuchapa, anayepita kwenda Bunia. Nikasema huyu ndiye. Alicheka mpaka akaweka sanduku chini.

“Mama, sisi pia kule tuko na benchi yetu, tunagombana hivi hivi. Wale vijana wanatengeneza neno Jumatatu, Jumamosi wamelitupa. Labda mwimbaji mwenyewe alitaka tu kujaza mdomo. Nayebi te.”

Sijui. Aliyezaliwa huko alisema sijui, akainua sanduku lake, akaenda zake, na hakupungukiwa kitu. Nilisimama pale bandarini nikajiona. Nilichokuwa natafuta haikuwa maana. Nilikuwa natafuta maana nzuri ya kujificha nyuma yake, nisilazimike kusema kwamba nilisema uongo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, nilikwenda Kabondo. Mwalimu Asumani alikuwa barazani anamsomea barua mwanamke mzee, mama wa askari aliyekuwa mbali. Nikangoja. Akafika mahali akasimama.

“Hapa maji imekula neno,” akasema. “Siwezi kulisoma.”

“Sema tu kitu kizuri, Mwalimu,” yule mama akamsihi. “Ni mutoto wangu, hawezi kuandika mubaya.”

“Nikisema miye, basi mutoto wako hakuandika. Nitaruka. Ya mbele iko wazi, tunaisoma.”

Nilitaka kurudi nilikotoka. Miguu ilibaki kwa sababu ilikuwa imechoka. Yule mama alipoondoka nilipiga magoti nikasema yote: Ramazani nilimwambia hivi, wewe nikakwambia vile, na sikujua lolote.

Mwalimu alikunja miwani yake.

“Ulisema mbele ya nani?”

“Mbele ya benchi lote, Mzee.”

“Basi hapa barazani hakuna kazi nayo. Neno linaokotwa pale lilipotupwa, na waliosikia likianguka waone unaliokota. Boti ikifika, nitakuja dirishani. Nitakuja na mujomba ya kijana. Simama, unachafua kitambaa.”

Niliona ni haki nimwambie mke wa Mgiriki. Alinisikiliza, akasema kwa Kiswahili chake kikavu: “Feza, wao kuja kwa maana yako. Benchi tupu, wewe nyumbani.” Kwa hiyo mjue kwamba sikuokota neno lile bure. Nilikuwa na mtoto wa kulisha na shangazi ambaye kila jioni alinikumbusha kwamba nina mtoto wa kulisha.

Boti ilifika Jumamosi. Walipokuja, benchi lilikuwa limejaa kuliko siku zote, maana Mama Sofi alikuwa amenusa jambo na kuutangazia mtaa wake wote. Mwalimu Asumani alisimama mbele. Mjomba wa Ramazani alikuwa kando yake, na Ramazani mwenyewe, ameitwa moja kwa moja kutoka kwenye injini, mikono myeusi, macho yakizunguka kama ya mtu aliyeamshwa ndani ya nyumba isiyo yake. Zaina alisimama kando kidogo, pamoja na shangazi yake aliyefika kutoka Kasongo kumchukua, kitambaa kimefika kwenye nyusi.

Wakati wa kazi sikuwahi kutoka dirishani. Siku ile nilizunguka kwa mlango wa nyuma nikasimama nao upande wa benchi.

“Nyinyi mnaniita Mama Maana,” nikasema. “Kijana huyu nilimwambia zoketi ni mke wa kweli. Mzee huyu nikamwambia ni mwanamke wa bandarini. Mlisikia, mkacheka. Sikuwa najua. Mpaka leo sijui. Nimeuliza kila boti, hakuna anayejua. Binti huyu ametukanwa na mdomo wangu. Wimbo haukumtukana, na mchumba wake hakumtukana.”

Kisha Likwela, polepole:

“Na ile ya viatu vipya?”

“Hata ile.”

“Na ya kofia?”

“Kofia ilikuwa yako, Likwela.”

“Na ile uliniambia miye,” Mama Sofi akadakia, “nikaenda kumwambia bwana yangu?”

“Mwombe radhi.”

“Te! Aliipenda. Acha akae nayo.”

Walicheka, lakini Mwalimu aliinua mkono nao wakanyamaza. Akamgeukia Ramazani.

“Na weye? Ile neno ulilijua?”

“Hapana, Mwalimu. Niliamini Mama.”

“Donc ulimupa mutoto wangu kitu usichokijua.”

Ramazani alitazama mikono yake. Nilidhani yamekwisha, na nadhani naye alidhani hivyo.

“Ile ya mbele sikuijua,” akasema. “Ile ya nyuma niliijua. Nisubiri bandarini. Njo nilinunua ile.”

Mwalimu akasema, si kwa mtu fulani: “Na alimusubiri?”

Msichana hajibu swali kama hilo mbele ya wazee. Mjomba alifungua kinywa amjibie. Lakini Zaina alishusha kitambaa kwenye mabega.

“Nimesubiri, Baba. Miye iko hapa, na hapa njo bandari.”

Mwalimu Asumani aliutazama mto kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mjomba, kama mtu anayekumbuka shughuli ndogo: “Vile vikombe viko vimefungwa. Tutavifungua. Twende tukanywe chai ndani yake.”

Nilimrudishia Zaina diski yake. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuniambia asante, na alikuwa na haki.

Mke wa Mgiriki aliyaona yote kwa dirisha. Jumamosi iliyofuata alisimama nyuma yangu kuhesabu watu wa benchi. Walikuja. Walikuja wengi zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja aliona ana nafasi ya kupata neno ambalo hata Mama Maana halijui. Papa Bonifasi aliweka juu ya ubao wangu daftari ambalo alikuwa amelipiga mistari mwenyewe kwa rula: neno, nani amesema maana yake, ameisikia wapi. Na sheria moja, aliyoitoa bila kuinua kichwa:

“Midomo mibili, isiyotoka ku boti moja. Kama iko mumoja, acha wazi.”

Likwela ndiye aliyegeuka mtafutaji mkubwa. Alishona suruali za matelo kwa bei ya huruma ili wamletee maneno. Tulipoona matelo hawatoshi, benchi liliandika barua kwa watu wa Léopoldville, na mwandishi wa barua zile alikuwa Mwalimu Asumani, aliyekuwa akipita tu, kila Jumamosi, saa ile ile, akipita tu. Baadhi ya barua zilijibiwa. Siku jibu lilipofika, Mwalimu alilisoma kwa sauti, na mahali asipoweza kusoma, aliruka.

Lile la viatu vipya, msiniulize, lilikuwa kweli jina la kofia. Likwela alikaa na ushindi ule miaka mingi, na Mama Sofi hakumsamehe.

Baadaye Mgiriki aliondoka, diski zikawa laini, fono ikawa ya umeme, kisha kaseti. Papa Bonifasi tulimzika kwao Opala. Benchi lilioza, likatengenezwa lingine. Daftari limejaa mpaka kwenye jalada. Zaina alikuja kuniaga mwezi uliopita, yeye na Ramazani wake, ambaye mikono yake bado ina mafuta ingawa hajashika injini tangu sijui lini. Aliinama dirishani kama asubuhi ile.

“Umelipata, ile neno?”

“Bado.”

“Tafuta,” akasema. “Miye nasubiri.”

Rehema, ukifungua daftari, mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza ni zoketi. Mbele yake ni patupu. Watakuja watu na maana nzuri sana, watu wa tai, watu wa redio. Wewe ngoja midomo miwili. Na yule mteja wa kaseti anakaa mtaa wetu, nimemwuliza, anarudi dukani Jumamosi. Mwambie hulijui lile neno. Kisha mpe mahali pa kukaa.